Manowari za matanga na mabaharia wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanarudi kila mara, mtu akiona picha ya HMS Victory, meli ya vita ya Waingereza, anauliza, mtu akitoka kutembea Fort Jesus ya Mombasa anauliza, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa. Nimekaa zaidi kwa Waingereza na Wafaransa kati ya miaka ya 1650 na 1830 hivi kwa sababu huko ndiko merikebu ya mizinga ubavuni ilifika kileleni. Maneno ya chombo nimetumia ya kwetu pwani, mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), foromali (boriti inayoshika tanga), farumi (uzito wa chini unaotuliza chombo), maana yanatosha kabisa. Maswali nimeyapa namba ili nikikutuma kwingine usipotee.

## Mambo ya msingi

1. Manowari ni nini hasa? Si meli yoyote yenye mizinga?

Hapana. Neno lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, wao wanasema man-of-war, masikio yetu yakasikia manowari na ikabaki hivyo. Zamani zile hata meli ya biashara ilibeba mizinga kadhaa maana bahari ilikuwa na maharamia, ila meli ya biashara imejengwa kuzunguka shehena na manowari imejengwa kuzunguka mizinga. Sitaha zake ni nene, mataruma yamebanana mpaka karibu yagusane, na ubavuni kuna madirisha ya mizinga kutoka omo (mbele) mpaka tezi (nyuma).

Halafu kuna watu. HMS Victory siku ya vita vya Trafalgar, Waingereza dhidi ya Wafaransa na wenzao (swali la 13), ilikuwa na watu kama 820 ndani ya chombo ambacho sitaha yake ya mizinga ina urefu wa mita 57 hivi. Kuendesha matanga peke yake hakuhitaji umati huo wote, wengi wapo kwa ajili ya mizinga (swali la 12).

2. Daraja la kwanza, la pili, la tatu, maana yake nini?

Ni hesabu ya mizinga tu. Kwa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1700 daraja la kwanza ni mizinga 100 kwenda juu, la pili 90 mpaka 98, la tatu 64 mpaka 80, la nne 50 mpaka 60, la tano 32 mpaka 44, la sita 20 mpaka 28. Za daraja la tano na nyingi za la sita ndizo frigeti, nyepesi, zinakimbia, kazi yake kupeleleza, kusindikiza na kukamata meli za biashara za adui.

Zile kubwa zilipigana kwa kujipanga mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine. Watu wanashangaa kwa nini, lakini ukifikiria mizinga iko wapi utaelewa, iko ubavuni, kwa hiyo ubavu ndio nguvu na omo na tezi ndio udhaifu. Tezi ndiyo mbaya zaidi, ni madirisha ya vioo na mbao nyembamba, risasi ikiingia pale inapita urefu wote wa meli na kila aliyesimama njiani imemkuta. Mstari unalinda tezi ya kila mmoja.

3. Kwa nini kila mtu anaisifu meli ya mizinga 74?

Kwa sababu ndiyo iliyopata kipimo. Za mizinga 100 zilikuwa nzito, bei mbaya, na upepo ukizidi zinalazimika kufunga madirisha ya chini maji yasiingie, yaani mizinga mikubwa kuliko yote inakaa bure. Ya 74 ina sitaha mbili tu za mizinga, chini mizinga 28 ya ratili 32 (yaani uzito wa risasi yake), juu yake 28 ya ratili 18, na midogo juu kabisa, inakwenda vizuri na watu wake ni kama 600 hivi. Wafaransa ndio walioanza kuipata sawasawa, Waingereza wakaiiga (swali la 8).

4. Mbona wasitumie tanga kama la jahazi, si linakwenda joshi (kuelekea upepo) vizuri zaidi?

Swali zuri na wanaouliza hili kwa kawaida wanajua bahari. Ni kweli tanga la pembetatu linaupanda upepo vizuri kuliko la mraba. Shida ni ukubwa. Jahazi likigeuza upande, foromali lazima ihamishwe kuzunguka mlingoti, sasa fikiria hiyo kazi kwenye chombo cha tani 2,000 huku unapigwa risasi. Matanga ya mraba unaweza kuyagawa vipande vingi, Victory ilikuwa nayo 37, kila kimoja kinashikwa na kundi lake, ukipoteza kimoja chombo bado kinakwenda. Na kuna ufundi mwingine, unayageuza baadhi ya matanga yapokee upepo kwa mbele, mengine kwa nyuma, chombo kinasimama katikati ya bahari bila nanga. Kwenye vita hiyo ni silaha.

## Ujenzi

5. Ni kweli meli moja ilimaliza msitu?

Msitu mdogo, ndio. Victory ilikula miti kama 6,000, sehemu kubwa mwaloni. Mkuku uliwekwa Chatham, kiwanda cha meli cha Waingereza, mwaka 1759, chombo kikashushwa majini 1765, mchoro wake ni wa fundi Thomas Slade. Mataruma yaliachwa wazi muda mrefu yakauke, na watu wengi wanaona ndiyo sababu imedumu mpaka leo. Ubavu wake usawa wa maji unafika unene wa futi mbili.

Kinachonigusa mimi ni namna ya kuchagua mti. Fundi wa Chatham alikuwa anatembea msituni akitafuta mti uliojipinda wenyewe, tawi lenye pembe, kwa sababu taruma likichongwa kutoka mti ulionyooka nyuzi za mbao zinakatika na linavunjika. Fundi wa jahazi Lamu anafanya hivyohivyo mpaka leo, anaangalia mti anaona taruma ndani yake. Hawakuwahi kukutana wala kufundishana ila mbao iliwafundisha kitu kimoja.

6. Kwa nini meli nyingine zilizama zenyewe, tena bandarini?

Uzito kukaa juu kuliko inavyotakiwa. Mfano mkubwa ni Vasa ya Sweden. Tarehe 10 Agosti 1628 iliondoka Stockholm safari ya kwanza kabisa, mizinga 64, mapambo kila mahali, ikaenda kama mita 1,300, upepo kidogo ukaiinamisha, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi, ikazama watu wanaangalia. Kibaya ni kwamba walishaipima kabla. Mabaharia 30 walikimbizwa kutoka ubavu hadi ubavu, chombo kikayumba sana, admirali akasimamisha jaribio baada ya mizunguko mitatu asije akaizamisha palepale gatini. Halafu wakaondoka nayo. Mfalme alikuwa anaitaka haraka na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Farumi haikutosha na hata wangetaka kuongeza mawe, madirisha ya chini yangekaribia maji zaidi. Umbo lenyewe lilikosewa. Wakati ule fundi alijenga kwa uzoefu na uwiano aliorithi, hesabu ya usawa wa chombo hakuwa nayo, mpaka Mfaransa Pierre Bouguer alipoieleza kimaandishi mwaka 1746.

Mary Rose ya Uingereza ilizama 1545 kwa maji kuingia kwenye madirisha hayohayo. Na Royal George, tarehe 29 Agosti 1782, iliinamishwa makusudi pale Spithead, maji ya nje ya Portsmouth, ili fundi afikie sehemu ya ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya upande wa chini, wakafa watu kama 900 wakiwemo wanawake na watoto waliokuja kuwatembelea mabaharia.

7. Ile shaba chini ya meli ni ya urembo?

Hapana jamani. Kwenye maji ya joto kuna wadudu wa baharini wanaotoboa mbao mpaka inakuwa kama sega la nyuki, sisi tunapaka deheni, chokaa na mafuta, kila baada ya muda, kwa sababu hiyohiyo. Waingereza walijaribu kufunika chini ya frigeti HMS Alarm kwa mabati ya shaba mwaka 1761. Wadudu wakashindwa, majani na chaza hawakushika, chombo kikawa chepesi majini. Tatizo likaibuka, shaba na chuma vikikaa pamoja kwenye maji ya chumvi chuma kinaliwa, misumari ya chuma iliyoshika mbao ikaoza. Ilichukua miaka mpaka wakapata misumari ya mchanganyiko wa shaba. Kufika miaka ya 1780 sehemu kubwa ya meli zao zilikuwa na shaba, na chombo kisichohitaji kusuguliwa kila mara kinakaa baharini muda mrefu. Hili la kukaa baharini lishikilie, tutalihitaji swali la 13.

8. Ni kweli meli za Mfaransa zilikuwa bora kuliko za Mwingereza?

Kwa umbo, mara nyingi ndio. Mwaka 1747 Waingereza waliteka meli ya Kifaransa ya mizinga 74 iitwayo Invincible, wakaipima inchi kwa inchi, na miaka ya 1750 Slade akaanza kuchora 74 zao. Meli za Kifaransa zilikuwa ndefu, za kasi, madirisha ya chini yako juu ya maji vizuri. Ila zilifungwa mbao kwa wepesi, zinahitaji matengenezo mara kwa mara. Mwingereza alijenga nzito na mbovu kidogo kwa mwendo kwa sababu alitaka chombo kitakachovumilia dhoruba za baridi nje ya Brest, bandari ya Wafaransa, mwezi baada ya mwezi.

Kwa hiyo mtu akikwambia Waingereza walishinda kwa meli bora, mwambie aangalie majina, meli kadhaa za Nelson, admirali wao mashuhuri, zilikuwa zimetekwa kwa Wafaransa au zimeigwa kwao. Jibu la ushindi liko kwa watu, soma la 12 mpaka la 15.

9. Nimesikia zilijengwa Bombay pia?

Ndio, na nzuri sana. Familia ya Wadia, Waparsi, walijenga manowari kwa mtiki badala ya mwaloni, na mtiki unastahimili wadudu na kuoza zaidi. HMS Trincomalee ilishushwa Bombay 1817 na mpaka leo inaelea Hartlepool. Na hapa kuna kamba inayofika kwetu: Sayyid Said bin Sultan aliagiza Bombay manowari ya mizinga 74, Liverpool, ikashushwa 1826. Mwaka 1836 akampa zawadi mfalme wa Uingereza, ikaitwa HMS Imaum.

## Watu na mafunzo

10. Mabaharia walipatikana wapi?

Kuna waliojitolea, kwa mshahara na kwa tamaa ya mgao wa meli zinazotekwa. Wakati wa vita hawatoshi, basi vikosi vya kukamata watu vinaingia bandarini na kwenye meli za biashara zinazorudi, vinabeba wanaume waliozoea bahari kwa nguvu. Ni unyama tu, mtu amekaa miaka safarini, anaona moshi wa kwao, anachukuliwa kabla hajashuka. Shirika la Marine Society la London tangu 1756 liliwavisha na kuwapeleka vijana maskini.

Mshahara wa baharia hodari ulikuwa shilingi 24 kwa mwezi tangu 1653 na haukuongezwa mpaka mabaharia walipogoma Spithead mwaka 1797. Miaka 144. Waligoma kwa nidhamu, wakasema adui akitoka tutakwenda kupigana, wakapata nyongeza.

11. Mtu wa shamba asiyejua bahari alifundishwaje?

Kwa kuwekwa katikati ya wanaojua. Hakukuwa na shule ya mabaharia wa kawaida, meli ndiyo shule. Mgeni anaanza sitaha ya katikati, kuvuta kamba, kusukuma, kusafisha, kupampu maji ya ngama (yanayokusanyika chini ya chombo). Hagusi kitu kinachohitaji akili ya bahari. Polepole anajifunza mafundo, majina ya kamba (Victory ina kamba kama kilomita 42, na usiku hakuna taa, unazijua kwa mkono), anapanda mlingoti mara ya kwanza mchana kwa upepo mdogo. Vijana wepesi na jasiri ndio wanaofika foromali za juu kukunja tanga kwenye dhoruba, na hao ndio fahari ya meli. Mwaka mmoja wa bahari tupu unambadilisha mtu.

Chombo kiligawanywa zamu mbili, saa nne kwa nne, kengele kila nusu saa. Kila mtu alikuwa na namba na mahali pake kwa kila kazi, mahali pa kugeuza chombo, mahali pa kung'oa nanga, mahali pa vita. Hiyo orodha luteni wa kwanza ndiye anaiandika, na kwa maoni yangu karatasi ile ni sehemu ya mchoro wa meli sawa na mkuku.

Maafisa ni njia nyingine. Wanaingia wadogo, Nelson aliingia 1771 akiwa na miaka 12 kwenye meli ya mjomba wake. Ili uwe luteni ilibidi uwe na miaka 6 baharini na upite mtihani wa ana kwa ana mbele ya makepteni, mtihani ulioletwa na Samuel Pepys, katibu wa jeshi la majini, mwaka 1677. Sheria ilisema uwe na miaka 20, Nelson alipita akiwa na 18, na mjomba alikuwa mkubwa ofisini. Undugu ulikuwepo, lakini asiyejua kugeuza chombo hakuponea undugu.

12. Mzinga mmoja watu wangapi, na walifanya nini?

Mzinga wa ratili 32 una uzito wa tani karibu 3, risasi yake kilo 14 na nusu. Kundi la watu kama 14 na kijana mmoja wa kuleta baruti linahudumia mizinga miwili inayotazamana, mmoja kila ubavu. Vita ikiwa upande mmoja wote wanahamia huko, ikiwa pande zote wanagawana saba saba.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mzinga ukishapiga unarudi nyuma kwa nguvu mpaka kamba nene inaudaka, ukisimama nyuma yake umekufa. Mmoja anaingiza mti wenye ngozi ya kondoo iliyoloweshwa azime cheche, maana cheche ikibaki mfuko mpya wa baruti unalipuka mikononi mwa mwenzako. Inaingia baruti kwenye mfuko wa kitambaa, inashindiliwa, risasi, kizibo, inashindiliwa tena. Wote wanavuta kamba kuusukuma nje ya dirisha, juu ya sitaha inayoyumba. Mkuu wa mzinga anatoboa mfuko kupitia tundu la moto, anatia baruti laini, anarekebisha kwa kabari, anasubiri chombo kiinuke, anapiga. Moshi, kelele mpaka masikio yanatoka damu, wenzako wanaanguka. Ndiyo maana wanafanyishwa mazoezi mpaka mwili ufanye wenyewe bila kuuliza kichwa.

13. Walipiga kwa kasi gani?

Collingwood, admirali wa Kiingereza, aliwaambia watu wa HMS Dreadnought kwamba wakipiga ubavu mzima mara tatu ndani ya dakika tano hakuna meli itakayowaweza, na kwa mazoezi wakafika dakika tatu na nusu. Wengi walikuwa chini ya hapo.

Sasa kumbuka la 7 na la 8. Waingereza walikaa nje ya Brest na Toulon mwaka mzima, jua na dhoruba, wakifanya mazoezi kila siku. Wafaransa walifungiwa bandarini, matanga yamekunjwa, na mapinduzi yalishawaondoa maafisa wao wengi wazoefu na kuvunja kikosi chao cha wapiga mizinga wa majini. Ushujaa hawakukosa, walikosa bahari. Trafalgar, 21 Oktoba 1805, meli 27 dhidi ya 33, Waingereza hawakupoteza hata moja, na wenzao walipoteza 18.

14. Kuna mfano unaoonyesha mazoezi peke yake?

HMS Shannon ya Uingereza na USS Chesapeake ya Marekani, 1 Juni 1813 nje ya Boston. Frigeti mbili za ukubwa uleule. Kepteni Philip Broke alikuwa na Shannon tangu 1806, alifunga vilengeo kwenye mizinga kwa pesa yake, akachora alama kwenye sitaha ili mizinga yote ilenge sehemu moja hata moshi ukiziba macho, akawapa mapipa yanayoelea ya kulenga. Chesapeake ilikuwa na watu wengi zaidi lakini kepteni wake James Lawrence aliichukua wiki chache tu kabla, hawajazoeana. Ilikwisha ndani ya robo saa, Shannon ikashinda, Lawrence akafa kwa majeraha, Broke akajeruhiwa kichwani vibaya.

15. Kwa hiyo ujenzi haujalishi?

Unajalisha, msinielewe vibaya. Mwaka mmoja kabla, 19 Agosti 1812, USS Constitution iliipiga HMS Guerriere mpaka ikabaki gogo. Constitution, mchoro wa Joshua Humphreys, ilikuwa frigeti kubwa isivyo kawaida, mizinga ya ratili 24 dhidi ya 18, mbao ngumu za mwaloni wa kusini mwa Marekani zilizobanana, na watu wake walifunzwa vizuri. Chombo kizuri na watu waliozoea, hapo huna dawa.

## Maswali ya pembeni

16. Waliuawa zaidi na mizinga au na magonjwa?

Magonjwa, bila ubishi. Kamanda Anson aliondoka Uingereza na meli zake 1740 na watu karibu 1,900, waliorudi naye 1744 hawakufika 200, na kiseyeye ndicho kilichoua wengi. Daktari James Lind mwaka 1747 kwenye HMS Salisbury aliwagawa wagonjwa 12 wawili wawili, kila wawili dawa yao, waliopewa machungwa na malimau wakapona haraka. Pamoja na ushahidi huo jeshi la majini halikuanza kugawa maji ya limau kwa wote mpaka 1795. Uchelewaji huu unaniumiza kuliko vita yoyote niliyoisoma.

17. Baruti yote ile, mbona hazikulipuka?

Ziliweza. L'Orient ya Wafaransa ililipuka usiku wa 1 Agosti 1798 pale Aboukir, Misri, na mizinga ikanyamaza pande zote kwa muda. Ndiyo maana ghala la baruti lilikaa chini ya usawa wa maji, taa yake chumba cha pembeni nyuma ya kioo, na anayeingia anavaa viatu laini.

18. Naweza kuona moja leo?

Victory na Mary Rose ziko Portsmouth, Vasa Stockholm (ilitolewa majini 1961), Constitution Boston na bado inaelea. Kwa aliye Afrika Mashariki, nenda Fort Jesus. Mwaka 1697 Wareno walileta frigeti Santo António de Tanná kuiokoa ngome iliyozingirwa na Waomani, ikazama palepale chini ya ngome. Wapiga mbizi waliichimba kati ya 1977 na 1980, vitu vyake vipo kwenye makumbusho, na mbao zenyewe wakazifukia tena. Ukisimama ukutani ukaangalia maji ya mlango wa bandari, mkuku na mataruma viko pale chini kwenye tope.